Baridi ya upepo si joto la hewa

Kila mwishoni mwa Januari, zinaposambaa picha za wakimbiaji wa Arrowhead 135, mbio ndefu za majira ya baridi nchini Marekani, wakiwa na barafu kwenye kope na ndevu, hazikosi kufuatana na sentensi ya aina hii: "Wamekimbia kwenye nyuzi 43 chini ya sifuri." Ukiuliza themometa ilisoma ngapi, unaambiwa 30. Hiyo 43 imetoka wapi? Imetoka kwenye baridi ya upepo, na mwandishi ameipachika jina la joto la hewa.

Kwa kifupi, baridi ya upepo ni makadirio ya kasi ambayo ngozi iliyo wazi hupoteza joto pale hewa baridi inapokuwa na upepo. Mwili hupasha tabaka jembamba la hewa linaloigusa ngozi. Upepo hulikumba tabaka hilo na kuleta hewa mpya ya baridi, mwili ukaanza tena kupasha. Hewa ikiwa nyuzi 30 chini ya sifuri na upepo ukivuma kilomita 20 kwa saa, uso hupoa kana kwamba uko kwenye 43 chini ya sifuri penye utulivu. Basi.

Lakini hewa yenyewe imebaki 30. Pasi ya moto ukiiweka mbele ya feni itapoa upesi, ila hata ikikaa hapo usiku kucha haitakuwa baridi kuliko chumba. Ndivyo ilivyo kwa maji ya mkimbiaji: upepo utayagandisha mapema zaidi, lakini hautayafikisha 43. Na mrija wa kunywea huganda hata pasipo upepo, ndiyo maana wazoefu huupitisha ndani ya koti na kupuliza maji yarudi kwenye mfuko wa maji kila wamalizapo kunywa.

Chanzo cha mkanganyiko huu kinajulikana. Wamarekani wawili, Paul Siple na Charles Passel, walikuwa Antaktika mwaka 1941. Walitundika kopo la plastiki lenye maji juu ya nguzo, wakapima maji yanachukua muda gani kuganda katika upepo wa kasi mbalimbali. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 1945 yalikuwa kiasi cha joto kinachopotea kwa eneo na kwa saa. Hawakuandika nyuzi. Kugeuza hesabu ile kuwa "ni kama nyuzi kadhaa" kulikuja baadaye, ili umma uelewe, na hapo ndipo umma ulipoanza kuelewa vibaya. Tena kopo la maji si uso wa mtu, kwa hiyo namba za zamani zilitia chumvi. Mwaka 2001 Kanada na Marekani zilibadilisha kanuni ya kukokotoa namba hizo baada ya watu wa kujitolea kutembezwa nyuso wazi katika handaki la upepo baridi mjini Toronto, wakiwa wamebandikwa vipimo mashavuni. Hadi leo Kanada huandika namba hiyo bila alama ya nyuzi, na ninawaheshimu sana kwa hilo.

Angalia basi namba hiyo imejengwa juu ya nini: uso mkavu, mtu anayetembea kama kilomita tano kwa saa, mahali pa wazi, na upepo uliopimwa mita 10 juu ya ardhi kisha ukarekebishwa kufikia usawa wa uso. Arrowhead huanzia International Falls, Minnesota, na kuishia karibu na Tower, kilomita 217, kwa miguu, baiskeli au ski, ndani ya saa 60. Sehemu kubwa ya njia inapita msituni. Upepo uliopimwa uwanja wa ndege sio unaompiga mtu aliyezungukwa na miti huku akiburuta sleji yenye mfuko wa kulalia. Mwenye baiskeli anayeteremka kilima, kwa upande wake, anajitengenezea upepo ambao hakuna kituo kilichoupima.

Linaloniuma zaidi ni unyevu, maana kanuni haiujui kabisa. Maji yakikauka kwenye nguo huondoka na joto la mwili, na kitambaa kilicholoa kinaweza kupoa hata chini ya joto la hewa. Ndiyo maana kwenye mbio za theluji utamwona mtu anavua koti kabla ya kupanda mlima, wakati mtazamaji anadhani angelifunga zaidi. Anakwepa jasho. Akifika juu amelowa, akisimama dakika chache tu kutafuta taa kwenye sleji, mikono huanza kukataa kazi na zipu inakuwa mtihani.

Tarehe 22 Mei 2021, mkoani Gansu, China, wakimbiaji 21 kati ya 172 walifariki katika mbio za kilomita 100. Haikuwa majira ya baridi. Mvua, mvua ya mawe na upepo mkali viliwakuta mlimani, wengi wakiwa na kaptura na nguo nyepesi. Alikufa hata Liang Jing, mmoja wa wakimbiaji bora wa mbio ndefu nchini humo. Mchunga kondoo Zhu Keming, aliyekuwa amejikinga pangoni, aliokoa sita. Sasa chukua kanuni: hewa nyuzi 3 juu ya sifuri, upepo kilomita 40 kwa saa. Inakupa 3 chini ya sifuri, namba isiyomtisha mtu. Ngozi haitaganda kwa namba hiyo. Lakini aliyelowa na kuishiwa nguvu anaweza kuanza kutetemeka, joto la mwili wake likashuka chini ya 35, ulimi ukawa mzito, kisha akili ikapotea. Hiyo ni haipothemia, na baridi ya upepo haikutungwa kuipima.

Kwa hiyo, ndugu mwandishi wa michezo, Januari ijayo andika hivi: hewa ilikuwa nyuzi 30 chini ya sifuri, upepo kilomita 20 kwa saa. Ukipenda ongeza kwamba baridi ya upepo ilikuwa hasi 43, bila neno nyuzi, kwa faida ya pua na mashavu. Kisha muulize mkimbiaji kama nguo zake zilikuwa kavu, na jibu lake uliandike pia.