Uislamu na usasa: dhana tunazozirudia bila kuzipima

Dhana: Uislamu hauwezi kwenda na wakati, na masheikh ndio wanaourudisha nyuma.

Historia ya pwani yetu inakataa. Mwaka 1930 Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alianza kutoa *Sahifa*, kijarida cha Kiswahili, na 1932 likafuata gazeti lake la *Al-Islah*. Huyu alikuwa mwanachuoni aliyebobea, na 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Katika kurasa hizo aliwahimiza Waislamu wasomeshe watoto wao, wa kike wakiwemo, na waachane na ushirikina. Hoja zake zilikuwa aya na hadithi. Na ni yeye huyo huyo aliyewakemea waliodhani ustaarabu ni kumwiga Mzungu kwa mavazi na mwenendo. Hapo ndipo wengi wetu tunapoteleza: tukimwona mtu anadai mabadiliko, tunahisi dini yake imelegea. Sheikh Al-Amin alidai mabadiliko kwa sababu alikuwa ameishika dini barabara.

Dhana: Kila kipya ni bidaa, yaani uzushi katika dini.

Maulamaa hupambanua ibada na mambo ya dunia. Ibada haizuliwi. Katika mambo ya dunia, asili yake ni halali mpaka ipatikane dalili ya kukataza. Imo hadithi katika Sahihi Muslim, mkusanyo mashuhuri wa hadithi: Mtume (s.a.w.) aliwakuta watu wa Madina wakipandikiza mitende, wakitia chavua ya mtende dume katika mtende jike, akaona huenda bora wasifanye. Wakaacha, na mavuno yakapungua. Alipoambiwa, akawajibu kuwa wao ndio wanaoyajua zaidi mambo ya dunia yao. Kwa hiyo chanjo, au mkopo wa kwenye simu, haiulizwi imezuka lini. Huulizwa: mna riba ndani yake? Mna dhuluma au madhara? Mkopo wenye riba utaanguka hapo, na ungeanguka vilevile karne kumi zilizopita.

Dhana: Kuifasiri Qurani kwa Kiswahili ni kuishusha hadhi.

Wapo waliolisema hilo kwa nia njema. Lakini tafsiri ya Kiswahili ya Godfrey Dale, mmisionari, ilikuwa imeshatoka tangu 1923, na ya Waahmadiya, jumuiya iliyo nje ya Usunni, 1953. Sheikh Abdallah Saleh Farsy wa Zanzibar alipokamilisha *Qurani Takatifu* mwaka 1969, Waislamu wa Kisunni wasiojua Kiarabu walipata hatimaye tafsiri kamili iliyoandikwa na mwanachuoni wao.