Piano haiimbi, sasa trio inapigaje soul?

Wanafunzi wangu wa piano, hasa wale waliotokea kwenye kwaya, wananiuliza sana swali moja. Ukichukua wimbo wa soul, ule muziki wa Wamarekani weusi wa kuimba kwa hisia, wimbo ambao kila mtu anaujua, ukamtoa mwimbaji, ukatoa na matarumbeta na waitikiaji, ukabaki na trio, yaani piano, besi na dramu basi, umebaki na nini? Maana soul ni sauti ya mtu, ni yale mapafu na ile koo, ukiitoa hiyo si umetoa wimbo wote? Huwa siwajibu kwa maneno, nawawekea Ramsey Lewis Trio, kundi la jazz la watu watatu, ile rekodi yao ya The 'In' Crowd ya 1965, na leo nataka niifafanue vizuri kwa sababu wengi wanaipenda bila kuisikia kazi iliyomo ndani yake na wengine wanaidharau, eti rahisi mno.

Kwanza wimbo wenyewe. Aliutunga Billy Page, ndugu yake Gene Page akapanga vyombo, akauimba Dobie Gray, na mwanzoni mwa 1965 ukafika namba 13 kwenye chati ya Billboard kule Marekani. Ni wimbo wa majigambo, jamaa anajisifu kwamba yeye yuko na lile kundi linalojua starehe iko wapi leo na watu wamevaaje. Matarumbeta yanachokoza, mdundo unatembea, na melodi ya beti zake haihangaiki, inakaa palepale karibu karibu kama mtu anaongea. Hilo la melodi kuongea lishike, tutarudi huko.

Trio sasa. Ramsey Lewis kwenye piano, Eldee Young kwenye besi, Redd Holt kwenye dramu, wote wa Chicago, albamu yao ya kwanza ilitoka 1956 kwa hiyo kufika 1965 hawa watu walikuwa wanajuana pumzi. Mei mwaka huo walikuwa wanapiga Bohemian Caverns, klabu ya chini ya ardhi mtaa wa U pale Washington, ndani pametengenezwa kama pango, na walikuwa wanatafuta wimbo mmoja wa kuchangamsha watu waongezee kwenye shoo yao. Mhudumu mmoja wa mgahawa akawapigia ile ya Dobie Gray kwenye mashine ya santuri, ile ya kutumbukiza sarafu, wakaisikiliza, wakaichukua. Usiku wakaipiga na ukumbi ukaamka, na kwa vile kampuni yao ya Argo, iliyokuwa chini ya Chess ya Chicago, ilikuwa inarekodi pale pale, kelele zote za watu zikaingia kwenye tepu. Singo ikafika namba 5 kwenye Hot 100, chati ile ile ya Billboard, yaani jazz isiyo na mwimbaji ikampita hadi mwenye wimbo! Albamu nayo ikafika namba 2.

Haya, tuingie jikoni.

Shida ya piano ni kwamba noti ukishaigonga inaanza kufa hapo hapo. Nyundo imepiga waya, basi, kazi yako imeisha, huwezi kuivuta ikue kama mwimbaji anavyokuza sauti, na huwezi kuipinda. Mwimbaji wa soul akitaka kufika kwenye noti anaweza kuanzia chini yake akapanda taratibu akapita sehemu ambazo kwenye piano hazipo kabisa, katikati ya kitufe na kitufe, na utamu mwingi wa soul uko humo humo katikati. Sasa mpiga piano afanye nini? Kaa kwenye piano yako, piga kodi ya C (noti zake kadhaa kwa pamoja) kwa mkono wa kushoto, kulia shikilia G kwa kidole kidogo, halafu kwa kidole cha pili gonga E-flati na papo hapo kiteleze kidondokee E, kidole hicho hicho, kutoka kitufe cheusi kwenda cheupe. Umesikia? Hapo sikio linadanganyika, linasikia noti moja inayolia badala ya noti mbili. Hicho kitu kinatoka kwenye bluzi na kwenye piano za makanisa ya Wamarekani weusi, na Ramsey alikulia humo, baba yake alikuwa kiongozi wa kwaya na yeye mwenyewe alipiga kanisani tangu mdogo. Msikilize kwenye The 'In' Crowd, anateleza hivyo mara kwa mara, na hatelezi ovyo, anaweka pale ambapo mwimbaji angevuta neno.

Kwa noti inayokufa kuna dawa nyingine, kutetemesha. Unashika noti mbili zilizo mbali, mara nyingi oktevu (noti ile ile, moja ya chini na moja ya juu), unazigonga kwa kupokezana haraka haraka mpaka sauti inasimama haishuki, na ukiongeza nguvu kidogo kidogo unapata kile kitu cha mwimbaji kufumba macho na kukuza sauti mpaka watu wanasimama. Ukiitumia kila saa inachosha, ndiyo maana yeye anaihifadhi mpaka ukumbi umeshapata moto.

Sasa nirudi kwenye ile melodi inayoongea. Wimbo wenye melodi ndefu za kushikilia noti unaitesa piano, lakini huu maneno yake ni mafupi, yanagongwagongwa, na kugonga ndiyo kazi ya piano. Kwa hiyo chaguo la wimbo lenyewe lilikuwa nusu ya kazi. Wanaochukua balladi, zile nyimbo za taratibu, kubwa kubwa za soul kwa sababu wanazipenda, bila kujiuliza kama vidole vinaweza kuzisema, hapo ndipo wanapokwama, halafu wanaanza kujaza nafasi kwa mapambo.

Na mapambo ndiyo ugomvi wangu mkubwa na wapiga jazz vijana. Unampa kijana wimbo wa kodi tatu au nne, kesho anarudi nao una kodi kumi na mbili, kila kodi imeongezewa noti za nyongeza, ya tisa na ya kumi na tatu, anabadilisha besi kila pigo, na ni kweli amesoma, vidole vinajua, ila wimbo umekufa. Kodi chache kwenye soul zimewekwa makusudi ili mdundo upate pa kukaa na msikilizaji ajue yuko wapi, maana akishajua yuko wapi ndipo anaweza kucheza na kuitikia. Ramsey alikuwa amesoma muziki wa klasiki vizuri tu, angeweza kuzipanga upya zile kodi atakavyo, na hakufanya hivyo. Jazz yake ameiweka kwingine, kwenye nguvu na upole, kwenye kuchelewesha neno nusu pigo, kwenye kurudia kifungu kimoja kidogo mara nyingi huku kila mara anakigusa tofauti.

Hayo yote yanabebwa na Young na Holt. Besi ya Eldee Young inashika mchoro mmoja na kuung'ang'ania, haikimbii kimbii kama besi ya jazz ya kawaida inayotembea noti nne kwa kila baa, na dramu ya Redd Holt inakaa chini, haimwagi maji. Pigo la pili na la nne wamewaachia watu. Yaani yale makofi unayoyasikia ndiyo sehemu ya dramu, watu wa ukumbini wamekuwa chombo cha nne, na trio inalijua hilo, inashuka chini mpaka unasikia makofi kuliko piano halafu inapanda nao pamoja. Mtu anarusha kelele, piano inamjibu. Mwimbaji kaondoka lakini kuita na kuitikia kumebaki. Mimi naona hiyo ndiyo roho ya soul kuliko hata sauti yenyewe, na ndiyo sababu nadhani rekodi ile isingekuwa ile kama ingefanyiwa studio.

Wapo wahakiki waliosema hii sio jazz, ni biashara. Siwaelewi. Watu watatu wanasikilizana na kuamua njia papo kwa papo mbele za watu, hiyo kama sio jazz ni nini? Grammy waliwapa tuzo ya jazz kwa The 'In' Crowd, na mwaka uliofuata wakawapa ya R&B kwa Hold It Right There, kwa hiyo hata watoa tuzo walishindwa kuchora mpaka. Na albamu ile ile ya pangoni ina Come Sunday ya Duke Ellington na ile melodi ya mapenzi ya filamu ya Spartacus, sikiliza anavyozigusa kwa upole ndipo uone kwamba urahisi wa The 'In' Crowd ulichaguliwa.

Baada ya mafanikio hayo wakaachana, 1966. Ramsey akamchukua Cleveland Eaton kwenye besi na kijana wa dramu anaitwa Maurice White, ndiye huyo huyo aliyekuja kuanzisha Earth, Wind & Fire, wakatoa Wade in the Water, wimbo wa zamani wa kiroho, Richard Evans kapanga matarumbeta. Ni nzuri, dramu ni nzito na inasukuma. Ila kwa sikio langu matarumbeta yaliporudi yalikalia zile nafasi ambazo zamani watu wa ukumbini walikuwa wanaingia.

Young na Holt nao wakaenda zao, na jina lao likapanda hadi namba 3 kwa Soulful Strut ya 1968, na huu ndio wimbo wa kumpa mtu anayetaka kusikia swali la wanafunzi wangu likijibiwa kwa njia tofauti kabisa. Hapo mwimbaji alitolewa kweli kweli. Ilikuwa ni vyombo vya wimbo wa Barbara Acklin, Am I the Same Girl, sauti yake ikafutwa na Floyd Morris akawekwa apige piano juu yake. Zipige mbili hizo zikifuatana, ya Barbara kwanza. Piano ya Morris inatamka melodi safi, haijigambi, haitetemitetemi, kwa sababu mpango wote ulishajengwa kumzunguka mwimbaji na nafasi yake ilikuwa inamsubiri. Ramsey pale pangoni hakuachiwa nafasi ya mtu, ilibidi aijenge mwenyewe kwa vidole huku makofi yakimsukuma.