Keukenhof kwa mara ya kwanza: unayoambiwa na yalivyo kweli

Kila mwezi wa tatu ukifika zile picha za maua ya tulipu ya Uholanzi zinaanza kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, mistari myekundu, ya njano, ya zambarau mpaka macho yanapoishia, na chini yake mtu kaandika "Keukenhof, njooni tujipange". Sasa kabla hujajipanga, soma.

"Yale mashamba ya mistari ndo Keukenhof"

Hapana jamani. Keukenhof ni bustani ya hekta 32 pale kwenye mji mdogo wa Lisse, ina miti mikubwa, mabwawa, kumbi za maonyesho, na vitunguu vya maua (sio vya kula, ni yale mashina ya chini ya udongo ambako ua linachipukia) kama milioni 7 ambavyo hupandwa kwa mkono kila msimu. Yale mashamba yako nje ya uzio na yana wenyewe. Na hapa ndo wengi hawajui: mkulima wa kule mara nyingi hauzi ua, anauza kitunguu kilichoko chini ya udongo. Ua likishachanua, akakagua akaona halina ugonjwa, anapitisha mashine inafyeka vichwa vyote ili nguvu irudi chini kitunguu kinenepe, kwahiyo shamba ulilolipita juzi linawaka rangi leo unaweza kukuta majani matupu na hakuna wa kumlalamikia.

"Si unaingia tu katikati unapiga picha"

Huingii. Ukikanyaga unavunja mimea, na viatu vinahamisha magonjwa toka shamba hili kwenda lile. Piga ukiwa barabarani, ukichuchumaa kidogo wala hakuna atakayejua kwamba hukuwa katikati ya maua.

"Ni tamasha la siku moja"

Watu wanachanganya mambo mawili. Bustani inafunguliwa kama wiki nane, katikati ya Machi mpaka katikati ya Mei, baada ya hapo geti linafungwa, kwahiyo ile likizo yako ya Julai sahau. La siku moja ni Bloemencorso, msafara wa magari yaliyopambwa maua (mengi ni hayasinthi, sio tulipu) unaotembea kama kilomita 42 toka Noordwijk mpaka Haarlem Jumamosi moja ya Aprili, na unapita jirani na Keukenhof. Msafara wenyewe unautazama bure barabarani. Ila kama shida yako ni bustani tu, Jumamosi hiyo ikimbie kabisa, barabara zinafungwa na watu ni nyomi.

"Wakati wowote ndani ya msimu ni sawa"

Sawa kwa nani? Machi nje unakuta zaidi dafodili na wenzake, tulipu nyingi ziko ndani ya kumbi. Za nje kwa kawaida zinakolea katikati ya Aprili, baridi ikizidi zinachelewa, joto likija mapema zinawahi. Na beba koti, mambo ya "ni machipuko kutakuwa na joto" yatakuumbua.

"Tiketi nitakata getini"

Kata mtandaoni, na mapema. Tiketi ina tarehe na saa ya kuingia, na siku za wikendi na Pasaka zinaisha. Hiyo saa ni ya kuingia tu, ukishaingia kaa mpaka wafunge saa moja na nusu jioni. Mabasi ya watalii yanamwaga watu kuanzia saa nne asubuhi, kwahiyo fika saa mbili wanapofungua, au nenda saa kumi jioni wenzako wakiwa wanatoka, mwanga wa picha nao unakuwa mtamu zaidi.

"Iko Amsterdam"

Iko Lisse, na Lisse haina stesheni ya treni. Panda basi toka uwanja wa ndege wa Schiphol au toka Leiden, kuna tiketi inayojumlisha basi na kiingilio.

"Nitanunua vitunguu nikapande Mbagala"

Hahaa. Tulipu asili yake ni Asia ya Kati, zikafika Ulaya kupitia Uturuki, zimezoea majira ya baridi kali. Kitunguu kinahitaji wiki nyingi za baridi ndo kitoe ua, kwa joto la Dar utaambulia majani, kama yatatoka. Halafu mimea ya kuingiza nchini inataka cheti cha afya ya mimea, usipokuwa nacho inaishia uwanja wa ndege. Na yale mawaridi ya madukani kule usihangaike kubeba kabisa, mengi yametoka Naivasha.