Karatasi ya mkoloni haikupi leseni ya kuchimba

Karatasi za zamani zimeanza kurudi kaunta ya ofisi yetu ya madini. Wapo wanaozileta kwenye bahasha, wapo waliozitia plastiki kabisa zisichakae, na hoja ni ileile: babu alipewa eneo hili na Serikali ya Mwingereza, hati inasema miaka 99, miaka haijaisha, na sasa kuna watu wanachimba dhahabu humo, kwa hiyo tupewe haki yetu. Sababu ya maswali haya kuongezeka inaeleweka. Haki ya kukalia ardhi iliyotolewa mwaka 1929 kwa miaka 99 inafika kikomo mwaka 2028, na bei ya dhahabu imepanda kiasi cha kuwarudisha watu hata kwenye mashimo yaliyoachwa kabla ya Uhuru. Makala hii inaeleza karatasi hizo zilitoa nini na hazikutoa nini. Haitoi uamuzi juu ya shauri la mtu yeyote, na mwenye kesi mahakamani afuate mwongozo wa mahakama.

Mwaka 1895 Wajerumani walitoa amri iliyoiita ardhi yote "isiyo na mwenyewe" mali ya dola, kisha sehemu yake wakawauzia masetla na makampuni. Mwingereza alipokuja na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 alitangaza ardhi ya Tanganyika, yenye watu na isiyo na watu, kuwa ardhi ya umma chini ya Gavana, itumike kwa manufaa ya wenyeji. Waliokwisha kununua kwa Mjerumani umiliki wao ulitambuliwa. Kuanzia hapo serikali haikuuza tena bali ilikodisha: mgeni alipata haki ya kukalia kwa muda usiozidi miaka 99, akalipa kodi kila mwaka, akafungwa na masharti ya kuendeleza, na akiyavunja Gavana aliweza kuifuta haki hiyo. Mwenyeji aliyelima kwa mila naye alihesabiwa kuwa na haki, na marekebisho ya mwaka 1928 yaliliandika hilo waziwazi, ila yeye hakupewa karatasi.

Hapo ndipo pa kuanzia. Ukiona karatasi, soma kwanza jina lililoandikwa juu yake. Mara kwa mara jina hilo si la babu. Ni la mwajiri wake, na babu, akiwa nyapara au karani, ndiye aliyebaki nayo mwajiri alipoondoka. Kuitunza karatasi miaka 80 ni jambo la kusifiwa, lakini hakuhamishi haki iliyoandikwa humo.

Madini yalikuwa na sheria yake, ya mwaka 1920 na baadaye ya mwaka 1929, na sheria hizo ziliyaweka chini ya serikali. Aliyekodi shamba la mkonge la ekari elfu moja hakukodi dhahabu iliyo chini ya mkonge. Aliyepewa eneo la kuchimba naye hakupewa shamba. Zilikuwa haki mbili juu ya kipande kimoja cha ardhi, na ndivyo zilivyo hadi leo. Jambo hili tunalieleza kila siku na bado kuna mtu atatoka hapa akasema ofisini wamemwambia hati yake haina maana. Hati yake ina maana kubwa, ila haihusu madini.

Kwa nini basi serikali ya kikoloni ilihangaika kuwavutia wachimbaji? Ilihitaji fedha. Mdororo wa uchumi ulioanza mwaka 1929 uliangusha bei ya mkonge, kahawa na pamba, na makusanyo yakaanguka nazo. Dhahabu ilikwenda kinyume. Uingereza ilipoacha kuifunga pauni yake kwa dhahabu mwaka 1931, wakia moja ilianza kulipwa pauni nyingi zaidi, na mwaka 1934 Marekani ikapandisha bei rasmi kutoka dola 20.67 hadi dola 35. Mto Lupa, huko Chunya, ambako dhahabu ilikuwa imegunduliwa mwaka 1922, ulijaa watu. Masharti ya udhamini wa Shirikisho la Mataifa, lililoikabidhi Uingereza Tanganyika baada ya vita vya kwanza vya dunia, yaliitaka serikali kutowabagua raia wa nchi wanachama katika kutoa haki za kuchimba, kwa hiyo Lupa haikuwa ya Waingereza peke yao. Waafrika walikuwa maelfu, na walio wengi walikuwa vibarua wa kubeba na kuchekecha. Mwishoni mwa muongo huo dhahabu ilikuwa imepanda na kuwa miongoni mwa bidhaa kuu za kuuza nje, nyuma ya mkonge.

Vivutio vyenyewe havikuwa zawadi ya fedha mkononi. Idara ya jiolojia iliyowekwa Dodoma katika miaka ya 1920, chini ya mkurugenzi E. O. Teale, ilifanya kwa gharama ya umma kazi ya kuchora ramani za miamba ambayo mtafutaji mmoja asingeiweza. Barabara zilipelekwa kwenye migodi. Na sheria ya madini yenyewe ilikuwa kivutio, kwa sababu aliyetangulia kupiga vigingi na kusajili alikuwa na uhakika kwamba atakayemfuata hatamnyang'anya.

Mfano ninaopenda kuutoa ni Mpanda. Kulikuwa na risasi huko, pamoja na shaba, fedha na dhahabu kidogo, lakini risasi ni madini mazito yenye bei ndogo na hayawezi kulipia safari ya lori hadi Tabora. Serikali ikakubali kujengwa tawi la reli kutoka Kaliua hadi Mpanda, kiasi cha kilomita 210 kupitia miombo na mbung'o, kwa ajili hasa ya mgodi wa kampuni ya Uruwira. Reli ilifunguliwa mwaka 1950. Mgodi ukafungwa mwaka 1960, hata Uhuru haujafika. Kwa hesabu ya kampuni, kivutio kile kilifanya kazi miaka kumi. Kwa hesabu ya wana Mpanda bado kinafanya kazi, maana treni ipo na mji upo. Mtu anayeniambia vivutio vyote vya mkoloni vilikuwa wizi mtupu namtajia reli hiyo, na anayeniambia mkoloni alijua kuendesha mambo namuuliza nani aliilipia.

Mwadui ni habari nyingine. John Williamson, mjiolojia wa Kanada, aliikuta almasi mwaka 1940, na pamoja na wakili Iqbal Chopra wa Mwanza akauendeleza mgodi bila kuuza kwa kampuni kubwa iliyokuwa ikilimiliki soko la almasi duniani. Alikuwa na haki halali, mgodi tajiri na mawakili. Hata hivyo alipofariki mwaka 1958 serikali ya Tanganyika na De Beers, ndiyo kampuni kubwa hiyo, walinunua mgodi nusu kwa nusu. Ninaitaja Mwadui kwa sababu watu huitumia kama ushahidi kwamba "zamani mtu alimiliki mgodi moja kwa moja". Hapana. Alimiliki kampuni, mitambo na haki ya kuchimba yenye muda na masharti.

Jirani zetu waliionja sumu ya mambo haya vibaya zaidi. Kenya ilipitisha sheria mwaka 1930 iliyoahidi kwamba maeneo ya wenyeji yatabaki yao, na kwamba kipande kikichukuliwa kwa shughuli ya umma kitafidiwa kwa ardhi nyingine. Dhahabu ikaonekana Kakamega mwaka 1931. Kabla mwaka 1932 haujaisha sheria ilikuwa imerekebishwa ili ardhi ichukuliwe kwa uchimbaji bila kurudisha ardhi, fedha zitoshe. Ahadi haikumaliza hata miaka mitatu. Malalamiko yalifika hadi Bunge la Uingereza, na wachimbaji waliendelea kuchimba.

Turudi kwenye karatasi yako. Haki ya kuchimba ya wakati ule ilidumu kwa mambo matatu: vigingi kusimama, ada kulipwa na kazi kufanyika. Likikosekana moja, haki ilikuwa hatarini kufa, bila mtu kulazimika kumtafuta mwenyewe kijijini kumwambia. Sheria ya mwaka 1929 yenyewe ilifutwa na Sheria ya Madini ya mwaka 1979, nayo ikafuatiwa na ya mwaka 1998, kisha ya mwaka 2010 tunayoitumia sasa pamoja na marekebisho yake makubwa ya mwaka 2017. Haki iliyokuwa hai na inalipiwa ilikuwa na namna ya kuvuka. Iliyolala ndani ya sanduku tangu vita vya pili vya dunia haikuvuka.

Upande wa ardhi nao umebadilika. Mwaka 1963 umiliki wa kudumu ulioachwa na Mjerumani uligeuzwa kuwa ukodishaji kutoka serikalini wa miaka 99, na mwaka 1969 ukodishaji huo ukageuzwa kuwa hati ya kumiliki kwa masharti. Kwa hiyo miaka 99 unayoihesabu huenda haianzi tarehe unayodhani. Usihesabu mwenyewe ukatangaza mgogoro. Lete nakala ikaguliwe kwenye daftari.

Naomba hapa niseme na wale wa rupia, wanaotafuta sarafu za Mjerumani wakiamini zina nguvu ya kuvuta mchele. Wajerumani walipokuwa Tabora mwaka 1916 walifua kweli sarafu za dhahabu za rupia 15 kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, na zilizobaki zina thamani kwa wakusanyaji. Hazivuti mchele. Hakuna sarafu inayovuta mchele, hakuna ramani ya hazina iliyoandikwa nyuma ya hati ya shamba, na kuchimba chini ya boma la kale kwa sababu ya ndoto au mganga ni kosa kisheria hata kama hukupata kitu. Tumeona mashamba yakiuzwa kulipia vifaa vya kutafutia hazina hizo. Inatosha.

Anayetaka kuchimba leo, utaratibu ni huu. Leseni ndogo ya uchimbaji hutolewa kwa Mtanzania peke yake, hudumu miaka saba na huweza kuhuishwa, na kwa dhahabu eneo halizidi hekta 10. Anza kwa kuangalia eneo kwenye ramani ya leseni katika ofisi ya Afisa Madini Mkazi, kwa majira ya nukta (koordineti) na si kwa kuelekeza "pale penye mbuyu". Kama tayari lina leseni ya mtu, maombi yako hayapokelewi, na kutopaona mtu akichimba hakumaanishi eneo liko wazi. Kama liko wazi, aliyetangulia kuomba ndiye hushughulikiwa kwanza. Utaandaa mpango wa kulinda mazingira, utalipa ada ya maombi, ya maandalizi na ya mwaka, na utaweka alama kwenye kona za eneo. Ada ya mwaka hulipwa kila mwaka, iwe umechimba au hukuchimba. Asiyelipa hupewa notisi ya kosa, na muda wa notisi ukiisha leseni hufutwa na eneo kurudi kwenye ramani kama eneo wazi. Hapa ndipo wengi hupoteza maeneo, kisha wakaja kusema wameporwa.

Uchimbaji bila leseni adhabu yake ni faini au kifungo au vyote viwili, na madini yaliyokutwa huchukuliwa. Kuuza nje ya soko la madini au kituo cha ununuzi kilichotambuliwa ni utoroshaji, hata kama unayemuuzia ni shemeji yako. Mrahaba wa dhahabu, yaani sehemu ya thamani yake inayolipwa serikalini, kwa kawaida ni asilimia 6, na ada ya ukaguzi asilimia 1, na sheria za fedha zimekuwa zikiweka nafuu kwa anayepeleka kwa wasafishaji wa ndani. Mwaka 2019 wachimbaji wadogo waliondolewa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5 wanapouza sokoni. Nafuu za namna hiyo ndizo kivutio cha leo, na unazipata kwa kuuza sokoni tu.

Mwenye shamba asidhani ameachwa. Mahakama ya Rufani ilikwisha kusema mwaka 1994, katika kesi ya Lohay Akonaay, kwamba haki ya kimila ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, ingawa haina karatasi. Sheria ya Madini inamtaka mwenye leseni apate ridhaa yako ya maandishi kabla ya kufanya kazi ndani ya mita 200 kutoka nyumba, mita 50 kutoka shamba lililoandaliwa au lenye mazao, na mita 100 kutoka bwawa, birika la maji au josho la mifugo. Kinachoharibika hulipwa fidia. Makubaliano ya "mifuko mitatu kwa mwenye shamba katika kila kumi" yanayofanyika mdomoni kando ya duara (shimo la kuchimbia) ndiyo yanayotujazia malalamiko rashi, yaani mmiminiko wa wachimbaji, ikishaanza, kwa sababu siku mawe yanapotoka mazuri kila mmoja anakumbuka idadi yake. Yaandikeni, yashuhudiwe kwenye serikali ya kijiji, na nakala ifike kwa Afisa Madini.

Karatasi ya zamani yenyewe usiitie plastiki, usiikate, wala usimpe dalali "akaifuatilie". Piga nakala, lete nakala, asili ibaki kwako. Kama familia haiihitaji tena, Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ndiko mahali pake. Na malipo yoyote ya serikali hutolewa namba ya malipo (control number). Atakayekuomba fedha taslimu ili aihuishe hati ya mwaka 1935, chukua jina lake na uliripoti.