Utoaji wa bahari maana yake nini?

Mjadala wa magari makuukuu ukizuka hapa Nairobi, hasa yale malori yanayopanda Waiyaki Way huku yakimwaga moshi mweusi, hakosekani mtu wa kusema: "Hata bahari inatoa gesi chafu, tena nyingi kuliko magari yote." Husemwa kwa sauti ya mtu aliyekwisha kushinda. Mwaka 2023 viongozi wa Afrika walipokutana kwenye ukumbi wa KICC kuzungumzia tabianchi, redioni ilikuwa gesi chafu asubuhi, gesi chafu jioni, na sasa neno limeota mizizi. Kila kinachotoka mahali kikaenda angani ni gesi chafu. Mkitumia hivyo, mtashindwa kabisa kuelewa bahari inafanya nini.

Kwa ufupi, utoaji ni gesi au chembechembe kuondoka mahali fulani na kuingia hewani. Mahali hapo panaweza kuwa ekzosi ya matatu, jiko la makaa, jani la mti, tumbo la ng'ombe au uso wa maji. Neno haliseme kama kilichotoka kina madhara. Uchafuzi ni hukumu inayokuja baadaye, baada ya kujua ni gesi gani, ni kiasi gani, na hewani iligeuka kuwa nini.

Hao wenye hoja ya "hata bahari" kwa kawaida wanakusudia hewa ukaa (kaboni dioksidi), na wanachosema ni kweli nusu. Kwa mwaka mmoja bahari zote za dunia hutoa hewa ukaa nyingi mara kadhaa kuliko tunayotoa sisi kwa kuchoma mafuta, makaa ya mawe na gesi. Ila hufyonza nyingi zaidi. Anayetaja utoaji peke yake ni sawa na mtu anayesoma meseji za M-Pesa za pesa zilizotoka tu, akalia kwamba amefilisika, wala hakuangalia zilizoingia. Ukipiga hesabu zote mbili, bahari inabaki na takriban robo ya hewa ukaa yetu ya kila mwaka, na ndiyo sababu maji yake yanazidi kusogea upande wa asidi. Kuna sehemu na majira ambapo mambo hugeuka. Wakati wa kusi, upepo huyasukuma maji ya juu mbali na pwani ya Somalia, maji baridi ya kilindini hupanda, na hewa ukaa hutoka kwa wingi. Lakini hiyo ni sehemu moja ya bahari, si bahari nzima.

Hewa ukaa ndiyo rahisi. Kuna gesi nyingine ambazo bahari hutoa na hazitajwi kabisa, ingawa mtu wa Nairobi akishuka Mombasa huzinusa kabla hajayaona maji. Ile harufu ya bahari kwa sehemu ni dimethili salfaidi, gesi yenye salfa inayotokana na mimea midogo sana inayoelea majini. James Lovelock wa Uingereza alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuipima, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ikifika hewani haikai sana: hugeuka ikawa misombo mingine ya salfa, na baadhi yake huwa chembechembe ambazo matone ya mawingu hujijenga juu yake. Mwaka 1987 Lovelock na wenzake watatu walipendekeza kwamba kwa njia hiyo viumbe wa baharini husaidia kudhibiti joto la dunia. Wazo hilo limepingwa sana tangu hapo, lakini liliwafanya wanasayansi wengi waache kuishia kwenye swali la gesi imetoka wapi, wakaanza kuifuata huko hewani.

Katika kuifuata huko, anayenivutia zaidi ni Lucy Carpenter, mwanakemia wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza. Yeye na wenzake wamekuwa wakipima hewa katika kituo kilichoko kisiwa cha São Vicente, Cape Verde, mahali ambapo upepo hufika ukiwa umetoka bahari wazi ya Atlantiki. Vipimo walivyochapisha mwaka 2008 vilionyesha kwamba juu ya bahari ile ozoni inaharibiwa kwa takriban asilimia 50 zaidi ya kiasi kilichotabiriwa na programu za kompyuta za wakati huo. Zilizokuwa zikiila ni iodini na bromini, zote kutoka majini. Na tuelewane: ozoni hii si ile ya tabaka la juu linalotukinga na miale ya jua. Ni ya huku chini, inayozaliwa jua linapochoma moshi wa magari na mvuke wa petroli. Hukereketa mapafu, hudumaza mazao, na juu ya hayo ni gesi joto, yaani gesi inayozuia joto lisitoke duniani.

Swali likawa iodini inatokaje baharini. Ilidhaniwa kwamba hutolewa na mwani na mimea ile midogo, ikiwa imefungwa ndani ya gesi zenye kaboni. Gesi hizo zilipopimwa zikaeleza kama robo tu ya iodini iliyoonekana hewani. Mwaka 2013 Carpenter na wenzake wakaeleza zile robo tatu zilizobaki: ozoni yenyewe ikigusa maji hukutana na iodaidi, yaani iodini katika umbo la chumvi, iliyomo kwenye uso wa bahari, na kutokana na mgongano huo iodini, pamoja na asidi yake moja dhaifu, huchomoka na kuingia hewani. Ikifika huko, inaanza kuila ozoni.

Kuiona kemia hiyo hakuhitaji nauli ya kwenda Cape Verde. Tangu miaka ya 1990 Idara ya Hali ya Hewa pale Dagoretti Corner imekuwa ikirusha maputo ya kupima ozoni. Chini ya puto huning'inia kijisanduku cheupe chenye pampu ndogo inayovuta hewa na kuipitisha kwenye kikombe cha maji yaliyotiwa iodaidi ya potasiamu. Ozoni ikiingia humo huibadilisha iodaidi kuwa iodini, mkondo mdogo sana wa umeme hupita, na redio hutuma kipimo chini huku puto likipanda kilomita 30 na zaidi. Kinachotokea ndani ya kile kikombe juu ya Dagoretti ndicho kinachotokea kwenye uso wa Bahari ya Hindi.

Sasa nifike kwenye kinachoniudhi hasa, yaani mazoea ya kugawa utoaji mafungu mawili, wa asili na wa binadamu, kana kwamba kuna ukuta katikati. Barafu ya Greenland na ya milima ya Alps hutunza kumbukumbu ya iodini iliyowahi kuanguka juu yake, na kumbukumbu hizo zinaonyesha kwamba imeongezeka takriban mara tatu tangu katikati ya karne ya 20. Sababu kubwa inayotolewa ni kuongezeka kwa ozoni ya huku chini. Kwa upande wa Greenland, kupungua kwa barafu ya baharini pia kunatajwa. Haya, iodini hiyo ni ya nani? Imetoka majini, hilo halina ubishi, lakini moshi wetu ndio ulioichokoa. Na ikishatoka, inapunguza sehemu ya ozoni ileile iliyoichokoa. Kuiita gesi chafu ni kuituhumu kwa uchafu ambao inasaidia kuuondoa.

Wala si kwamba iodini na jamaa zake ni malaika. Mwani wa baharini, ukiwemo ule unaolimwa na akina mama wa Kibuyuni kule Kwale, hutoa bromofomu, gesi yenye bromini. Katika nchi za joto mawingu makubwa ya mvua yanaweza kuipandisha sehemu yake hadi tabaka la juu, na huko bromini huila ozoni tunayoihitaji. (Sijasema mama wa Kibuyuni anatoboa anga, mashamba yao ni madogo mno kwa kesi hiyo.) Bromini ileile ina faida ikiwa chini na hasara ikiwa juu, na neno "chafu" haliwezi kueleza tofauti hiyo.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa "hata bahari", sentensi yako inahitaji kurekebishwa kidogo tu. Ondoa "chafu", taja ni gesi gani, na ukitaja hewa ukaa inayotoka majini utaje pia inayoingia. Nanyi watangazaji, kama mnakusudia hewa ukaa na methani, semeni gesi joto. Neno lipo, na wasikilizaji wanalijua.