Gambi ya malkia ni nini, na juu ya nini ile pioni haikai

Gambi mu sataranji ni pale mchezaji anaacha pioni yake iliwe kwa kusudi, mwanzoni kabisa, ili apate kingine, sanasana katikati ya ubao ao nafasi ya kutoa farasi na fu (kete ya kwenda mushazari, kona kwa kona) zake mbele ya mwenzake. Ya malkia njo maarufu: nyeupe anacheza d4 (pioni inafika mraba wa d4: herufi ni safu, namba ni mstari kuanzia upande wa nyeupe), nyeusi d5, halafu nyeupe anaweka c4. Ni ya zamani sana, iko mu hati ya Göttingen ya karibu 1490.

Hapa Goma mu turnuwa za mtaa utaona vijana wanaikula ile c4 mbio mbio, na kuikula si kosa hata kidogo, kosa ni kutaka kuichunga. Angalia: nyeusi amekula, nyeupe anacheza e3, sasa fu ya f1 inaitazama ile pioni. Nyeusi anaogopa, anaweka b5 ya kuilinda. Nyeupe a4, nyeusi c6, nyeupe anakula b5, nyeusi anarudishia na ya c, na hapo malkia anatoka d1 anafika f3, na ukifuata mushazari kuanzia pale, e4, d5, c6, b7, zote ziko tupu mpaka a8, ngome imekaa pale hakuna wa kuilinda! Ili kuiokoa lazima apoteze farasi ao fu, na yote ni juu ya pioni moja.

Ndiyo maana naona hii si gambi ya kweli. Gambi ya mfalme, e4 e5 f4, pale unaweza kupoteza pioni kabisa isirudi, lakini huku inarudi tu.

Basi ukishakula, mwachie aichukue na fu yake, wewe cheza farasi f6, e6, c5, fanya roki (mfalme na ngome wanasogea pamoja, mfalme anajificha pembeni), uko sawa kabisa. Ao usikule, jibu c4 na e6, njo kukataa gambi: 1927 kule Buenos Aires, Alekhine na Capablanca wakigombea ubingwa wa dunia walicheza michezo 34, na 32 ilikuwa hiyo ya kukataa. Bei yake ni fu ya c8, e6 inaifungia njia na itakaa ndani muda mrefu, kwa hiyo ukichagua hivi anza mapema kutafuta namna ya kuitoa.