Bomba Limepasuka Nje ya Geti: Ni la Nani?

Dawati letu la huduma kwa wateja, hapa mamlaka ya maji, limezoea simu ya namna hii: "Maji yanamwagika nje ya geti langu tangu jana, njooni mtengeneze bomba lenu." Fundi anafika, anafuata unyevu, anafukua kidogo, kisha anatamka maneno ambayo mteja hakuyatarajia: hili bomba ni lako, mzee. Hapo ugomvi huanza, maana kwa mwenye nyumba mali yake inaishia ukutani, na kilicho nje ya ukuta ni cha serikali.

Ukuta hauhusiki. Mpaka ni dira, ile ambayo mitaani tunaiita mita. Bomba kuu linalopita mtaani, tawi linalotoka hapo kuja kwenye dira, koki iliyo kabla ya dira, na dira yenyewe, hivyo ni vya mamlaka ya maji kuvitunza. Maji yakishatoka upande wa pili wa dira, kila yanakopita ni mali na mzigo wa mwenye akaunti: koki ya pili, bomba la kwenda nyumbani, tangi na boya lake, vyoo, sinki, hadi bomba la uani. Huo ndio utaratibu wa mamlaka zetu za mijini Tanzania Bara, na kila mamlaka ina mkataba wa huduma kwa mteja unaoeleza wajibu wa kila upande. Uombe ofisini kwenu uusome, hasa kabla hujajenga.

Kiswahili chetu nacho kina mchango wake katika mkanganyiko huu. Mrija uliofukiwa ardhini ni bomba, na kile unachofungua uani ujaze ndoo nacho ni bomba. Mtu akisema "bomba limeharibika", sisi lazima tuulize ni lipi, na wengine hudhani tunawazungusha.

Kama dira zote zingekuwa zimekaa ukutani kwa mteja, makala hii isingehitajika. Tatizo ni kwamba katika mitaa mingi iliyojengwa kabla ya kupimwa, ambako vichochoro havipitishi hata mkokoteni, dira hukusanywa mahali pamoja karibu na bomba kuu, nane au kumi kwa mstari. Kutoka hapo kila mteja anavuta bomba lake mwenyewe, lile jeusi la plastiki lenye mistari ya buluu, mita 50, wakati mwingine zaidi ya 100. Linapita pembeni mwa msikiti, chini ya kibanda cha chipsi, kwenye uwanja wa jirani, linavuka mtaro, ndipo linafika kwako. Urefu wote huo ni wako, ingawa hakuna hata hatua moja iliyo ndani ya geti lako. Na maji yakivuja njiani, dira imekwisha yahesabu. Unayalipia bila kuyaoga.

Mabomba ya watu kumi yanalala pamoja kama tambi na yote yanafanana. Likipasuka moja, kila mmoja anasema si lake. Njia ya kumaliza ubishi ni rahisi na haihitaji fundi: nendeni kwenye dira, kila mtu afunge koki yake iliyo baada ya dira, mmoja baada ya mwingine, huku mwingine amesimama penye uvujaji. Koki itakayofungwa na maji yakapungua hadi kukatika, mwenye hiyo ndiye mwenye bomba. Kila koki ipeni dakika chache, kwa sababu maji yaliyobaki kwenye mrija hayaishi papo hapo. Zikifungwa zote na maji bado yanatoka, huenda uvujaji uko upande wa bomba kuu; hapo tupigieni simu sisi.

Lipo lalamiko moja ambalo nalielewa kabisa. "Nilipounganishwa nilinunua vifaa vyote kwa hela yangu, kuanzia kwenye bomba kuu. Leo mnaniambiaje kipande cha kwanza ni chenu?" Ni kweli, wateja wengi wamegharamia vifaa hivyo. Lakini gharama ya kuunganishwa haikupi mamlaka ya kukigusa kipande hicho, na kwa upande wa pili inakuondolea mzigo wa kukitengeneza. Huruhusiwi kumpa jirani maji kwa kukata kabla ya dira. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019 inahesabu kujiunganishia maji na kuchezea dira kuwa makosa ya jinai. Vilevile fundi wetu akija kuziba uvujaji wa kabla ya dira, hatakiwi kukudai hela ya vifaa mkononi. Malipo yoyote halali ya mamlaka yana namba ya kumbukumbu ya malipo (control number). Akikosa namba, usitoe kitu, na utupe taarifa.

Sasa koki. Mara nyingi ziko mbili, moja kila upande wa dira. Ya kwanza ni yetu, tunaitumia kusitisha huduma au kubadilisha dira, na mara nyingine huwa na lakiri. Ya pili ni yako, na ndiyo inayosahaulika kuliko kifaa chochote cha nyumba. Watu wanajua rangi ya vigae vya sebuleni lakini hawajui koki yao ilipo. Wengine wameifukia kwa kifusi, wengine wamepanga pevingi juu yake ikapotea. Bomba la jikoni likichomoka saa nane usiku, nyumba inajaa maji huku baba mwenye nyumba anatafuta jembe.

Izungushe koki yako kila baada ya miezi michache, ifunge yote kisha ifungue yote. Koki isiyoguswa kwa miaka hukwama, na ukija kuilazimisha siku ya dharura inakatika shingo. Ile ya kuzungusha gurudumu usiiache nusu. Maji yanayopita kwa kubanwa huila taratibu, mwisho haifungi hata ukiikaza vipi. Ikifika hapo badilisha, ni kifaa cha dukani na kazi ya saa moja kwa fundi bomba.

Koki hiyohiyo inakusaidia bili inapopanda bila sababu. Usiku, watu wakishalala, hakikisha hakuna bomba lililo wazi na tangi limejaa, kisha nenda na tochi kwenye dira. Utaona kigurudumu kidogo au nyota inayozunguka hata kwa maji machache. Ikizunguka, funga koki yako. Ikisimama, maji yanapotea upande wako. Ikiendelea kuzunguka, basi ama koki yako haifungi vizuri ama dira ina kasoro, tuite tuipime.

Upotevu mdogo una hesabu yake. Uvujaji unaojaza ndoo ya lita 20 kwa saa moja ni lita 480 kwa siku, na kwa siku 30 ni lita 14,400. Uniti moja ni lita 1,000, kwa hiyo hapo umelipia uniti 14 na ushee za kumwagilia ardhi. Wahusika wakuu ninaowakuta ni boya la simtanki lililochoka, ambalo linaacha maji yafurike usiku yanapotoka kwa kasi, na tangi la choo. La choo halisikiki. Tia buluu ya kufulia kidogo kwenye tangi lake, ukae nusu saa bila kuvuta maji. Ukiona rangi imeshuka bakulini, umempata mwizi wako.

Uvujaji si suala la bili tu. Kwenye maeneo ya mgao, maji yakikatika bomba hubaki tupu, na tundu lililokuwa likitoa maji sasa linavuta uchafu wa mtaroni kuingia ndani. Mwenye pampu iliyofungwa moja kwa moja kwenye laini anaongeza uvutaji huo, na ndiyo maana tunaikataza. Pampu ivute kutoka kwenye tangi lako la chini.

Kwa wapangaji: sisi tunamjua mwenye jina kwenye akaunti. Mkigawana bili kwa vichwa, makubaliano hayo ni yenu na mwenye nyumba, lakini bomba baada ya dira ni la mwenye akaunti kulitengeneza. Greda la barabara likikata bomba lako, aliyekata ndiye wa kuulizwa. Dai hilo linakuwa dhaifu kama uliliweka juujuu kwenye hifadhi ya barabara bila kibali cha wakala wa barabara husika, TARURA au TANROADS.

Usiporidhika na majibu yetu, lete malalamiko kwa maandishi ofisini kwetu kwanza ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Tukishindwana, EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, hupokea malalamiko ya wateja, na baraza la watumiaji, EWURA CCC, lipo kukusaidia kuyaandaa.

Kwa anayechimba mtaro wiki hii: kabla hujafukia, piga picha kwa simu kila bomba lilipopinda na kila lilipoungwa, jiwe au nguzo ya karibu ionekane pembeni. Mfereji ukishasawazishwa na mvua mbili zikapita, hata aliyelitandaza hakumbuki lilipo.